Bidoni moja, volti elfu kumi: namna ya kujaribu umeme tuli Katoyi bila kuumia

GOMA – Bidoni moja ya lita 20 iliyojaa maji. Mikebe minne ya maziwa ya unga, miwili ikiwa imekatwa juu na chini. Kazie mbili za plastiki za bia, vipande viwili vya waya wa shaba na tyubu mbili nyembamba. Ni vitu ambavyo mtoto wa kartie Katoyi, katika komine ya Karisimbi, anaweza kuviokota au kuviomba bila kuvuka avenyu yake. Vikipangwa sawasawa na maji yakaachwa yadondoke tone kwa tone, baada ya muda mfupi cheche ndogo ya buluu inaruka kati ya ncha mbili za waya. Hakuna betri. Hakuna waya wa SNEL, wa Virunga Energies wala wa Socodee. Ni maji tu yanayoanguka, na volti zinazokaribia 10,000.

Kifaa hicho si cha jana. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikieleza mwaka 1867. Kinatumika hadi leo katika vyuo vikuu kuonyesha umeme tuli, yaani ule umeme usiotiririka kwenye waya bali unaokusanyika na kukaa juu ya kitu mpaka upate njia ya kuondoka. Ndio umeme unaosimamisha nywele mtu anapovua kofia ya nailoni wakati wa kiangazi. Ndio pia, kwa kipimo kikubwa kupita akili, unaoitwa radi.

Lakini mzazi yeyote wa Katoyi ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kumruhusu mtoto: plagi ya ukutani ina volti 220 na inaua watu. Volti 10,000 je?

Volti peke yake haziui

Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Volti ni kama urefu ambao kitu kinaangukia. Tone la mvua linatoka juu sana, mamia ya mita, nalo likifika kichwani linalowesha nywele tu. Bidoni iliyojaa ikidondoka kutoka kwenye tshukudu, mita moja hivi, inavunja mguu. Kinachoumiza ni urefu ukiunganishwa na wingi wa kile kinachoanguka. Katika umeme wingi huo ni chaji, na nguvu inayopatikana wakati wote unapoachiliwa hupimwa kwa jouli.

Mikebe ya Kelvin ina volti nyingi lakini chaji kidogo mno. Cheche yake hubeba kiasi cha sehemu moja ya elfu ya jouli. Kidole kinahisi kama kimechomwa na sindano, basi. Mashine ya Van de Graaff ya shuleni, ile yenye mpira wa chuma juu ya nguzo, inaweza kufika volti 200,000 wakati hewa ni kavu, na mpira wenye upana wa sentimita ishirini na kitu hukusanya takriban robo ya jouli. Hapo mtu anashtuka, mkono unaruka wenyewe, na anayesimama juu ya stuli anaweza kuanguka. Wataalamu wa usalama huanza kuwa na wasiwasi mkubwa jouli zinapofika tano, na kuanzia kumi hivi huhesabu kwamba moyo unaweza kusimama.

Plagi ya ukutani haimo katika hesabu hiyo kwa sababu haina kikomo. Umeme tuli hutoa chaji yake mara moja na kwisha. Plagi inaendelea kusukuma mkondo wakati wote mtu amekwama, na mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa muda unatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Mashine ya Van de Graaff ya darasani hutoa mkondo ulio maelfu ya mara chini ya huo.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama jaribio ni salama hapaswi kuuliza lina volti ngapi. Aulize: chaji imehifadhiwa wapi, ni nyingi kiasi gani, na itakapoondoka itapitia wapi.

Chupa iliyomwangusha Franklin

Hatari ya kwanza katika majaribio haya ni kuhifadhi. Mwaka 1745 na 1746, Ewald von Kleist huko Ulaya ya kaskazini na Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kila mmoja kwa njia yake kwamba chupa ya kioo yenye maji inaweza kujazwa umeme kama vile inavyojazwa pombe. Siku hizi chupa hiyo hutengenezwa kwa kuzungushia karatasi ya aluminiamu nje, na kuweka maji ya chumvi ndani. Inaitwa chupa ya Leiden.

Mwaka 1746, padri Jean-Antoine Nollet alipanga walinzi 180 wa mfalme wa Ufaransa wakiwa wameshikana mikono, akaachilia chupa hiyo, wote wakaruka kwa pamoja mbele ya mfalme. Watu walicheka. Miaka minne baadaye, Desemba 1750, Benjamin Franklin wa Marekani aliunganisha chupa mbili kubwa ili kumuua batamzinga kwa umeme. Mkono wake mmoja ukagusa upande mmoja na mwingine upande wa pili. Akapoteza fahamu kwa muda, na maumivu ya kifua yakabaki siku kadhaa. Huyo alikuwa mtu aliyeujua umeme kuliko karibu wote wa wakati wake.

Chupa moja ya plastiki ya lita moja na nusu, ikijazwa hadi volti 20,000, inabeba karibu sehemu moja ya tano ya jouli: inauma sana lakini haiui mtu mwenye afya. Kumi zikiunganishwa pamoja zinafika jouli mbili. Chupa kubwa zaidi, au volti zaidi, na mtu ameingia katika eneo la Franklin bila kujua, kwa sababu chupa iliyojaa na chupa tupu zinafanana kabisa kwa macho. Ndiyo maana kwa mwanafunzi chupa moja ndogo inatosha, na haiguswi hata kidogo kabla haijaunganishwa ndani na nje kwa waya wenye mshikio mrefu wa plastiki. Kisha inasubiriwa dakika moja na kuunganishwa tena, maana plastiki na kioo huficha sehemu ya chaji na kuirudisha polepole. Baada ya hapo waya unaachwa umefungwa kati ya ndani na nje wakati wote chupa inapokaa kabatini.

Chuma chakavu chenye kifo ndani yake

Ajali mbaya zaidi hazitoki kwenye chupa. Zinatoka kwenye vifaa vilivyokufa, vile vinavyorundikwa nje ya vibanda vya mafundi na kuuzwa kwa kilo. Kijana anayependa umeme anaviona kama hazina. Kweli ni hazina, lakini vitatu miongoni mwavyo havifai kuguswa na mtu anayejifunza peke yake.

Cha kwanza ni televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Kioo chake hufanya kazi kwa volti zinazofika 25,000, na kwa kuwa kioo hicho chenyewe ni kama chupa ya Leiden, kinaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Fundi mzoefu huitoa kwa bisibisi iliyounganishwa na waya kwenye fremu kabla ya kuingiza mkono. Cha pili ni taa ya kamera ya zamani: kapasita yake ni ndogo kama kidole, ina volti 300 tu, lakini inabeba jouli kadhaa. Mtu anayeogopa volti nyingi ataidharau hiyo, na hapo ndipo kosa lilipo.

Cha tatu ni transfoma ya tanuri la maikrowevu. Hii haina uhusiano wowote na umeme tuli ingawa video nyingi zinaziweka pamoja. Inachukua umeme wa ukutani na kuupandisha hadi volti 2,000 hivi, huku ikiweza kutoa mkondo wa nusu ampea na zaidi. Hiyo ni mara nyingi kupita kile kinachohitajika kusimamisha moyo, na haitoi nafasi ya pili. Marekani, watu kadhaa wamekufa wakiitumia kuchora mapambo kwenye mbao, hata chama cha wachongaji wa nchi hiyo kikapiga marufuku njia hiyo katika shughuli zake. Hakuna glavu za nyumbani wala viatu vya mpira vinavyoifanya iwe salama. Jaribio lolote la umeme tuli linaloanza na maneno “ingiza kwenye plagi” ni jaribio la kitu kingine.

Tone kwa tone

Kifaa cha Kelvin kina uzuri wa kutokuwa na plagi. Bidoni huwekwa juu, mezani au kwenye rafu, na tyubu mbili nyembamba zinashuka kutoka kwake, moja kushoto na moja kulia. Tyubu mpya za kupima maji au za aquarium zinafaa. Zile zilizokwisha kutumika kutundikia wagonjwa seramu zisiokotwe kamwe, hata kama zina kidude kizuri cha kupunguza mtiririko. Kila tyubu inabanwa mpaka maji yatoke kama uzi mwembamba unaokatika kuwa matone.

Matone yanapita katikati ya mkebe usio na kitako wala mfuniko, bila kuugusa, na kuanguka katika mkebe wa chini wenye kitako. Mikebe ya chini inakaa juu ya kazie za plastiki zilizokauka vizuri. Sasa waya: mkebe wa juu wa kushoto unaunganishwa na mkebe wa chini wa kulia, na wa juu wa kulia na wa chini wa kushoto. Waya hizo mbili zinapishana bila kugusana. Huo ndio ufundi wote.

Kinachotokea ni hiki. Daima mkebe mmoja wa chini huwa na chaji kidogo sana kuliko mwenzake, tuseme wa kushoto una chaji hasi kidogo. Kwa kuwa umeunganishwa na mkebe wa juu wa kulia, huo nao ni hasi, na unavuta chaji chanya kwenye tone linalotaka kukatika ndani yake. Tone linaanguka likiwa na chanya na kuipeleka chini kulia. Chanya hiyo inapanda kwa waya hadi juu kushoto, inavuta hasi kwenye matone ya kushoto, na mkebe wa chini kushoto unazidi kuwa hasi. Kila tone linamsaidia mwenzake. Uzito wa maji ndio unaolipa gharama yote.

Baada ya nusu dakika au zaidi matone huanza kufanya vituko: yanatawanyika, mengine yanapinda na hata kurudi juu kuelekea mkebe. Ni ishara kwamba volti zimepanda. Waya mbili zenye ncha zilizokunjwa kuwa duara, moja kutoka kila mkebe wa chini, zikiachiwa nafasi ya milimita mbili au tatu, cheche inaruka, na hesabu inaanza upya. Ncha kali hazifai, kwani chaji huvuja kwenye ncha kabla haijakusanyika. Pembe za mkebe uliokatwa vibaya zinaharibu jaribio vivyo hivyo, na zinakata vidole, jambo ambalo katika kazi hii hutokea mara nyingi kuliko mshtuko.

Maji ya Ziwa Kivu yanafaa sana kwa kuwa yana madini mengi na yanapitisha umeme vizuri. Yaliyotiwa klori pia hayana tatizo. Na katika mji ambapo maji ni kazi ya kila asubuhi, ni vema kusema kwamba hayapotei: yaliyoanguka kwenye mikebe yanarudi kwenye bidoni au kwenye kufua.

Mashine ya Van de Graaff yenyewe nayo ilianza kimaskini. Robert Van de Graaff, akiwa Princeton mwaka 1929, alitengeneza ya kwanza kwa mkebe wa bati, mota ndogo na utepe wa hariri, akapata volti 80,000. Miaka miwili baadaye alikuwa amepita milioni moja. Ile kubwa iliyojengwa mwaka 1933, yenye mipira ya mita nne na nusu, bado inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la sayansi la Boston, na mwendeshaji wake hukaa ndani ya kizimba cha waya huku radi za mashine zikipiga nje yake.

Mwinuko wa Goma una neno lake katika hili. Vitabu vinasema hewa huhitaji takriban volti 30,000 kwa kila sentimita kabla cheche haijaruka. Hiyo ni hesabu ya pwani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na cheche inaruka mapema kwa asilimia 15 hivi. Mwanafunzi anayepima urefu wa cheche Katoyi kwa kutumia hesabu ya kitabu atadhani ana volti nyingi kuliko alizo nazo.

Ardhi isiyopokea

Kuna sheria inayorudiwa kila mahali panapofundishwa umeme: peleka waya ardhini. Katika Goma sheria hiyo inagonga mwamba, na si kwa mfano. Mji umejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, ya zamani na ya juzi, ile ya Januari 17, 2002 na ile ya Mei 22, 2021 ikiwa ndiyo mpya. Lava iliyopoa na kukauka inapitisha umeme vibaya sana. Chuma cha mita mbili ambacho katika udongo wa Masisi kinaingia kwa nyundo, hapa kinapinda.

Kwa majaribio ya mezani hilo si kikwazo, ilimradi mtu aelewe ardhi ni nini. Chaji ya mashine ya Van de Graaff imetoka kwenye kitako chake yenyewe, na inachotaka ni kurudi huko. Kwa hiyo waya wa kutolea chaji hauhitaji kwenda kwenye mawe ya uani. Unafungwa kwenye kitako cha mashine, na ncha yake nyingine, yenye mpira mdogo wa chuma na mshikio wa plastiki, ndiyo inayogusa mpira mkubwa kabla mtu yeyote hajasogea. Kwenye kifaa cha Kelvin, waya mmoja unaogusa mikebe yote miwili ya chini kwa pamoja unamaliza kazi. Njia ya kurudi ni fupi, inaonekana kwa macho, na mwili wa mtu haumo ndani yake.

Tahadhari nyingine ni za kawaida tu. Mtu anayetaka nywele zake zisimame anapanda juu ya kazie ya plastiki kabla mashine haijawashwa, na anashuka baada ya kuzimwa na kutolewa chaji. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine unakaa mfukoni, ili njia isipite kifuani. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo asikae chumba hicho kabisa. Simu ziwe mbali, maana cheche isiyomdhuru mtu inaweza kuiua simu. Na kukiwa na ngurumo, hata za mbali, kila kitu kinafunikwa.

Radi ya Sake

Hilo la ngurumo lina uzito wa pekee katika Kivu. Utafiti uliotumia miaka 16 ya picha za setilaiti na kutangazwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi, mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya pili ilikuwa Kabare, yenye 205. Ya tano ilikuwa Sake, mwendo mfupi kwa gari kutoka Katoyi, yenye 143. Butembo nayo imo katika kumi za kwanza. Eneo hili linaishi chini ya mashine kubwa ya umeme tuli kuliko zote barani: vipande vya barafu vinavyosuguana ndani ya mawingu, chini yakibaki hasi na juu chanya, mpaka hewa ishindwe.

Ndiyo maana mashine ndogo ya mezani ina faida kuliko chaki. Inaonyesha kwamba radi haimchagui mtu kwa chuki yake wala kwa uchawi wa jirani. Inatafuta njia, na mtu anakufa kwa kuwa amesimama ndani ya njia hiyo. Georg Wilhelm Richmann alilijua hilo nusu. Agosti 6, 1753, huko Saint Petersburg, alisimama karibu na chuma kilichoshuka kutoka paa la nyumba yake ili apime umeme wa dhoruba. Chuma hicho kiliishia chumbani, hakikufika ardhini. Radi ilipokuja ilimaliza safari kupitia kichwa chake.

Paratoneri iliyowekwa Goma juu ya lava bila ardhi nzuri ni ndugu wa chuma cha Richmann. Mafundi wanaojua kazi hawategemei chuma kimoja kilichopigwa kwa nyundo. Wanazungusha waya wa shaba kuizunguka nyumba nzima, wanachimba mashimo na kuyajaza udongo mzuri na makaa yaliyosagwa, kisha wanapima. Nyumba ya mbao yenye paa la mabati haiwi kinga kwa sababu tu ina mabati. Paa hilo halijaunganishwa na chochote.

Majirani wamelipa bei kubwa. Juni 28, 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 iliua zaidi ya watu kumi ndani ya kanisa huko Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2, 2024 ikaua 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda tena. Mtandao wa ACLENet, wenye makao Kampala, umekuwa ukiweka kinga kamili kwenye shule za Uganda. Kwa asiye na kinga hiyo, sekunde ni kipimo: kuanzia mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Jengo kubwa la matofali au gari lililofungwa lote ni bora kuliko mti au kibanda, na hakutoki mtu mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Cheche isiyoumiza, bidoni ya njano

Kuna mahali pengine Katoyi ambapo umeme tuli unafanyiwa majaribio kila siku, bila mtu kuyaita majaribio. Ni kando ya barabara, kwa wauza mafuta wanaoitwa kadhafi. Esansi inamiminwa kutoka bidoni ya plastiki, kupitia mpira na faneli, hadi kwenye tenki la pikipiki. Kila mafuta yanapokimbia ndani ya mpira yanasugua na kuacha chaji, na plastiki haiiruhusu ichukue njia ya kuondoka.

Hapa hesabu inageuka. Mtu hahisi mshtuko wowote mpaka mwili wake ufike volti 2,000 au 3,000. Mvuke wa esansi uliochanganyika vizuri na hewa unahitaji chini ya sehemu moja ya tatu ya elfu ya jouli ili uwake. Ile cheche ya mikebe ya Kelvin, ambayo kidole kinaiona kuwa mchezo, inatosha mara tatu. Hata cheche ambayo muuzaji haisikii kabisa inaweza kutosha. Mazuti ni mvumilivu zaidi kwa sababu haitoi mvuke mwingi katika baridi ya Goma.

Mji huu unajua esansi inavyowaka. Januari 21, 2002, siku chache baada ya lava, makumi ya watu walikufa wakichota mafuta kwenye kituo kilichokuwa karibu na mawe ambayo bado yalikuwa moto. Huko Sange, Kivu Kusini, Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka liliua zaidi ya watu 230. Katika misiba hiyo haikuwa umeme tuli ulioshtakiwa, lakini mvuke ni ule ule, nao haujali moto umetoka wapi.

Kwa kadhafi na kwa dereva wa moto, mambo yanayosaidia ni madogo na hayana gharama. Bidoni inajazwa ikiwa imekaa chini, si juu ya kiti cha pikipiki wala ndani ya gari lenye zulia la plastiki. Kabla ya kufungua tenki, mkono mtupu unagusa chuma cha fremu, mbali na mdomo wa tenki, ili mwili na pikipiki viwe sawa. Mdomo wa faneli ya chuma unagusa ukingo wa tenki wakati wote wa kumimina. Mafuta yanamiminwa polepole. Koti la nailoni halivuliwi hapo. Na anayefanya majaribio ya mikebe, ya mpira wa chuma au ya chupa anayafanyia chumba ambacho hakina bidoni ya esansi, chupa ya gesi ya kupikia wala mbabula inayowaka.

Msimu nao una sauti. Wakati wa mvua, kuanzia Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, kazie zinapata unyevu usioonekana na chaji inateleza juu yake kabla haijafika volti elfu. Anayejaribu miezi hiyo hufuta plastiki kwa kitambaa kikavu na kuiweka juani kwanza, na mara nyingi bado anaambulia matone tu. Kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi likiwa limejaa barabarani na midomo ikipasuka kwa ukavu, mikebe ile ile inapiga cheche kila dakika.